Kiini cha topolojia yenye nukta chache

Nukta nne tu zinaweza kupewa topolojia 355. (Topolojia ni orodha ya makundi ya nukta, yaitwayo seti wazi; kundi tupu na kundi zima yamo, na ukiunganisha seti wazi au ukichukua sehemu zinazoshirikiana, unapata seti wazi.) Kuzichunguza moja moja kwa seti wazi kunachosha, ndiyo maana tunatumia njia aliyoionyesha mwanahisabati Alexandroff mwaka 1937: kila nukta ina seti wazi ndogo kuliko zote inayoibeba, na x huwa chini ya y pale seti ya x inapokuwa ndani ya seti ya y. Nukta zenye seti ileile ziunganishe kwanza kuwa moja, la sivyo kila moja itakuwa juu na chini ya mwenzake.

Chukua reli ya huku kwetu. Stesheni 5 ziwe nukta: Tabora, Mwanza, Kaliua, Kigoma na Mpanda. Vipande 4 vya njia navyo viwe nukta: Tabora–Mwanza, Tabora–Kaliua, Kaliua–Kigoma, Kaliua–Mpanda. Stesheni iko chini ya kila kipande kinachoishia hapo. (Urambo na Uvinza tumeziruka, hazibadilishi jibu.)

Nukta huondoleka ikiwa kati ya zilizo juu yake kuna moja iliyo chini ya nyingine zote, au kati ya zilizo chini yake kuna moja iliyo juu ya nyingine zote. Kigoma ina kipande kimoja tu juu yake, basi inatoka. Hapo Kaliua–Kigoma kinabakiwa na Kaliua peke yake, nacho kinatoka. Ukiendelea hivyo unabakiwa na nukta 1: mtandao hauna tundu. Toa moja, kagua upya, ndipo utoe nyingine. Nukta mbili zilizopandana (moja chini ya nyingine) zote huondoleka, na ukizitoa kwa mkupuo hakibaki kitu.

Kinachobaki ni kiini. Stong alithibitisha mwaka 1966 kwamba umbo lake halitegemei ulianza kutoa nukta ipi.

Sasa tudhani kuna kipande Kigoma–Mpanda. Mwanza na Tabora zinatoka pamoja na vipande vyake, halafu kazi inakwama kwenye nukta 6: duara. Hapa ndipo wengi huteleza. Duara hupatikana hata kwa nukta 4, mbili chini na mbili juu, kila ya chini ikiwa chini ya zote mbili za juu. Viini hivi havilingani, kwa hiyo kwa kipimo cha Stong, yaani kulinganisha viini, ni nafasi (nukta pamoja na topolojia yake) mbili tofauti. Ila McCord, mwaka huohuo wa 1966, alionyesha kwamba homolojia (hesabu ya matundu) ya nafasi ya namna hii ni ile ya umbo linalojengwa kwa minyororo ya mpangilio wake, yaani nukta zinazofuatana kila moja ikiwa chini ya inayofuata, na hapo zote mbili zinatoa duara lilelile.

Kwa hiyo ukitafuta matundu, hesabu minyororo: nukta, toa jozi zilizopandana, jumlisha mitatu-mitatu, na kadhalika. Mti wetu (mtandao wa kwanza, usio na tundu): 9 − 8 = 1. Maduara: 6 − 6 na 4 − 4, yote 0. Torasi (uso wenye umbo la tairi) nayo hutoa 0, hivyo namba hii haitoshi peke yake. Kamilisha kwa homolojia yenyewe.