Mwekundu na wa Kahawia: Dhana Potofu Kuhusu Mijusi Wetu

Kila kundi la wageni ninalolipeleka kwenye miamba ya Nakuru lina mtu wa kuniambia kwamba agama, mjusi wa miambani, mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ni aina moja, na yule wa kahawia aliyelala kando yake ni aina nyingine. Hii nimechoka nayo.

Wa kahawia ni jike. Kama si jike, ni dume changa, au dume aliyenyang'anywa eneo. Katika kundi la Agama lionotus, jina la kisayansi la hawa, dume anayetawala ndiye huvaa rangi. Walio chini yake hubaki wamefifia, na ukiwa mbali huwezi kuwatenga na majike. Hata huyo mtawala rangi yake si ya kudumu. Njoo alfajiri mwamba ungali baridi, utamkuta kapauka kama majivu. Jua likimwingia ndipo kichwa kinapowaka na anaanza kuinua na kushusha kifua kuwatisha wapinzani. Akipigwa, rangi inashuka tena. Sasa unawezaje kutaja aina kwa kitu kinachobadilika kabla ya saa nne?

Kwa hiyo mkitaka niwatajie aina, msinitumie picha za kichwa peke yake. Piga ubavuni, mkia mzima uonekane. Agama caudospina wa Elmenteita ana mkia wenye miiba. Bila mkia sina la kukuambia. Ukitaka kujua jinsia, tazama tumboni, mbele ya tundu la haja: dume ana mstari wa magamba yenye nta. Na kile kitabu cha zamani kinachowaita wote Agama agama, kiache rafuni. Jina hilo sasa ni la jamaa zao wa Afrika Magharibi. Agama wa Malaba, mpakani na Uganda, nao walipata jina lao mwaka 2005, Agama finchi.

Dhana nyingine ninazozisikia: "Vimjusi vya mchana ni watoto wa mjusi kafiri wa usiku." Sivyo. Lygodactylus, yaani huyo wa mchana, ni mtu mzima, basi tu ni mdogo. Mboni yake ni ya duara, ya Hemidactylus, yule wa usiku, imesimama wima. Tena Lygodactylus hunata hadi ncha ya mkia.

"Yule laini mwenye milia ni mtoto wa nyoka." Jamani, miguu minne na kope za macho! Ni Trachylepis striata, naye huzaa watoto hai, kwa hiyo mayai uliyoyaona nyuma ya kabati si yake.

"Mjusi wa mitini mwenye kichwa cha buluu akikuuma, unakufa." Hii naisikia zaidi Kakamega na Kisumu, na ndiyo inayomponza apigwe mawe. Mtambue kwa doa jeusi mbele ya bega. Ukimshika ataking'ang'ania kidole, na utalia, lakini hana sumu ya kukudhuru. Osha jeraha kwa maji na sabuni, na siku nyingine usimshike.