Kwa nini Paris–Roubaix inaitwa Jehanamu ya Kaskazini

Ukifuatilia mbio za baiskeli, kila inapokaribia Aprili utasikia watangazaji wakitaja "Jehanamu ya Kaskazini". Wanazungumzia Paris–Roubaix, mbio za siku moja za kilomita 260 hivi kaskazini mwa Ufaransa, ambazo kilomita kama 55 kati ya hizo hupita kwenye vijia vya mashambani vilivyotandazwa mawe. Wengi hudhani mawe hayo ndiyo yaliyozaa jina. Sivyo. Mawe yalikuwepo tangu mbio zilipoanza mwaka 1896, na hakuna aliyeyashangaa, maana barabara nyingi za huko zilikuwa hivyohivyo.

Jina lililetwa na vita. Kuanzia 1915 hadi 1918 mbio hazikufanyika, kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikipiganwa papo hapo njiani. Mwaka 1919 waandaaji walitaka kuzifufua, lakini hawakuwa na hakika kama Roubaix, mji ambako mbio huishia, kunafikika. Wakatuma watu wakaikague njia, mmoja wao akiwa Eugène Christophe, mwendesha baiskeli mashuhuri wa enzi hizo. Walipoanza safari mambo yalikuwa shwari. Kadiri walivyosonga kaskazini, nyumba zikawa vifusi, miti ikawa visiki vyeusi, ardhi imechimbika mashimo ya mizinga, na hewa inanuka maji taka na mizoga ya ng'ombe. Neno lililowatosha lilikuwa moja tu: jehanamu. Magazeti yakalichukua, na likaganda.

Kwa hiyo, asili yake, "l'Enfer du Nord", yaani Jehanamu ya Kaskazini kwa Kifaransa, halikuwa jina la mchezo mgumu. Lilikuwa jina la nchi iliyoteketea na watu waliorudi wakakuta vijiji vyao havipo. Inaniuma linapotumika kama tangazo la burudani bila kukumbuka hilo. Mbio zenyewe zilifanyika Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 1919, na Henri Pélissier alishinda baada ya kukaa njiani zaidi ya saa 12. Siku hizi mshindi kwa kawaida hamalizi hata saa 6.

Mawe yalilirithi jina baadaye. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mameya walianza kuweka lami kwa kasi. Kijia cha mawe kilionekana ni aibu, dalili ya kijiji kilichosahauliwa. Waandaaji wakaona mbio zao zinakuwa za kawaida, wakaanza kusaka vijia vilivyosalia. Ndipo mwaka 1968 kijia cha mawe cha msitu wa Arenberg kilipoingizwa kwenye mbio, kwa pendekezo la Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa 1962, ambaye ujanani alichimba makaa ya mawe chini ya msitu huohuo. Ni kipande cha zaidi kidogo ya kilomita 2, kimenyooka kama uzi, na mawe yake yamekaa shaghalabaghala, moja limechomoza, jingine limedidimia.

Waendeshaji hukimbilia mgongo wa barabara, pale katikati palipoinuka, kwa kuwa pembeni kuna tope mvua ikinyesha na vumbi jua likiwaka. Upepo kwenye tairi hupunguzwa ili zisidunde kwenye mawe. Usukani haukamatwi kwa nguvu. Anayeukaza humaliza viganja vimejaa malengelenge. Anayefika Roubaix huwa amepakaa tope au vumbi usoni kote, yamebaki macho tu, na sura hiyo ndiyo imewafanya watu waamini kwamba jehanamu iliyotajwa ni hii.

Mawe yenyewe sasa yana walinzi. Tangu 1983 kuna chama cha wapenzi wa mbio hizi, Les Amis de Paris–Roubaix, ambao wanachama wake huenda mashambani kung'oa mawe yaliyolegea, kusawazisha mchanga chini yake na kuyapanga upya moja baada ya jingine. Na mshindi hapewi kikombe: tangu 1977 hukabidhiwa jiwe la barabarani, nalo hulinyanyua juu kwa mikono miwili.