Nondo ya ardhi peke yake haikukingi na shoti

Mjini Goma wengi huamini kwamba ukishachimbia nondo na kuiunga na mashine kwa waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, mashine kama ya kukatia chuma haiwezi tena kukupiga shoti. Si kweli. Mawe ya lava hupitisha umeme kwa shida: waya wa moto ukigusa chuma cha mashine, nondo yenye ukinzani wa omu 100, kwa volti 220, hupitisha ampea 2.2 tu. Disjonkta (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 16 haijikati, na chuma cha nje cha mashine hubaki na karibu volti zote. Kinachookoa ni disjonkta diferansieli ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Bonyeza kitufe chake cha T, cha kuijaribu, kila mwezi. Nondo ibaki, kwenye udongo wenye unyevu. Na ile ralonji (waya wa kurefusha) ya nyaya mbili? Itupe, haina waya wa ardhi, kwa hiyo inaitenga mashine na nondo.