Risasi haizuii nyutroni

Kwenye ujenzi wa barabara Mombasa utasikia kwamba kipimo cha unyevu wa udongo, chenye vyanzo vya mionzi ndani, kikifunikwa bamba la risasi (ile metali nzito), kiko salama. Kwa miale ya gama ya chanzo kimoja, sesiamu-137, bamba nene husaidia. Lakini ndani mna pia amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili, nayo hutoa nyutroni, chembe zisizo na chaji. Nyutroni ikigonga kiini cha risasi na kudunda, kwa kawaida hupoteza nishati isiyozidi asilimia 2. Ikigonga haidrojeni yaweza kupoteza yote. Ndiyo maana hukingwa kwa polithini nene, nta au maji.

Kaunta ya Geiger ya kawaida, kifaa cha kupima mionzi, ikinyamaza, usiiamini: nyutroni haizioni, au kwa shida sana. Tumia mrija wenye gesi ya heli-3 uliozungushiwa polithini.

Halafu kuna chumvi ya pwani. Kipimo hujua unyevu kwa kuhesabu nyutroni zilizopunguzwa kasi na haidrojeni ya maji; klorini ya chumvi humeza nyutroni hizo za polepole, kipimo kikasoma unyevu pungufu. Linganisha na sampuli iliyokaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 110.