Vimistari vya Netiweki Vinahesabu Nini?

Tazama pembeni juu ya kioo cha simu. Unaviona vile vimistari vinavyopanda kama ngazi? Vinaonyesha nguvu ya mawimbi ya redio yaliyoifikia simu, siyo yaliyotumwa. Mnara unaweza kuwa unatuma kwa nguvu ileile siku nzima, nawe ukapoteza vimistari viwili kwa kuingia tu chumba cha ndani.

Usiku, washa tochi karibu na ukuta. Utaona duara dogo, kali. Sasa rudi nyuma polepole: duara linatanuka na kufifia. Tochi haijachoka, mwanga uleule umetandazwa mahali pakubwa zaidi. Umbali ukiwa mara mbili, kila sehemu ya ukuta hupata robo tu ya mwanga wa mwanzo. Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga, ila macho yetu hayayaoni. Nayo hutawanyika vivyo hivyo, yakikimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja.

Tofauti ni kwamba ukuta unaozuia tochi huweza kupenywa na mawimbi hayo. Pazia na mbao nyembamba hayazijali sana. Zege nene huyapunguza mno, chuma huyarudisha yalikotoka, na maji huyameza. Mwili wako una maji mengi, kwa hiyo hata wewe ukisimama kati ya simu na kile kisanduku cha waifai, umekuwa kizuizi kidogo.

Jaribu hili: mwombe mtu mzima aweke simu ndani ya sufuria ya chuma (isiyo jikoni, tafadhali!), aifunike, kisha aipigie. Huenda isiite. Ikiita, usinicheke, mawimbi yamepenya kwenye upenyo wa mfuniko.

Simu nayo hujibu. Mnara ukiwa mbali, inabidi ipaze sauti ili isikike, na ndiyo maana betri huisha upesi mahali penye netiweki hafifu.

Halafu kuna fumbo linalowaudhi hata wakubwa: vimistari vimejaa, lakini video imegoma. Hapo mawimbi yanafika vizuri kabisa, ila watu wengi wanautumia mnara huohuo kwa pamoja. Ni kama darasani: unamsikia mwalimu vizuri, lakini wanafunzi hamsini wamenyoosha mikono, na zamu yako haijafika.