Mswada wa Fedha si bajeti

Juni 2024, Rais William Ruto alipokataa kutia saini Mswada wa Fedha baada ya maandamano ya vijana, wengi walisema bajeti ya Kenya imeanguka. Haikuanguka. Mswada ule ulihusu ushuru: nani atozwe nini. Ruhusa ya kutumia fedha hutolewa na sheria nyingine, ya Matumizi ya Fedha, na hiyo Rais aliitia saini siku chache baadaye, huku akiagiza bajeti ya nyongeza ya kupunguza matumizi.

Kwa hiyo anayengoja Juni ndipo apaze sauti amechelewa. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kufikia Februari 15, na hapo ndipo viwango vya juu vya matumizi hujadiliwa. Makadirio yenyewe, yaani hesabu ya fedha ambazo kila wizara inaombewa, hufuata kufikia Aprili 30. Kamati huyachambua wizara kwa wizara, na Katiba, Ibara ya 221, inataka maoni ya umma yasikilizwe. Wabunge wanaweza kupunguza fungu la idara. Wakitaka kuongeza, sharti waonyeshe watakapopunguza. Vikao hivi vinachosha, nakiri, na kamera huwa chache. Ila ndimo barabara yenu hupewa fedha au kuachwa.