Ikama ya walimu ni nini, na inamsaidiaje mtafiti wa sera?

Ukiingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi Tanzania, tazama ukutani. Mara nyingi utakuta karatasi ya manila yenye safu zilizochorwa kwa makapeni: mahitaji, waliopo, pungufu, ziada. Hiyo ndiyo ikama, yaani idadi ya watumishi ambao kituo cha kazi kinatakiwa kuwa nao, ikilinganishwa na waliopo kweli.

Shule ya msingi huanzia kwenye uwiano. Yenye wanafunzi 900, kwa kipimo cha mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, inahitaji walimu 20. Wakiwapo 11, pungufu ni 9. Sekondari ikama husomwa kwa somo: shule yaweza kuwa na ziada ya walimu wa historia na ikakosa hata mmoja wa fizikia.

Anayetafiti sera ya elimu akaiacha ikama ataona nusu tu ya jambo. Chukua elimu bila ada iliyoanza Januari 2016. Fedha zilipangwa zimfuate mtoto: ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 za shule na 4,000 za vitabu. Kwa zile 6,000 za shule, shule yetu ya mfano yenye watoto 900 inapata Sh 450,000 kwa mwezi. Wakifika 1,200, inapata 600,000. Lakini ruzuku hiyo ni ya chaki, ukarabati na mitihani, mshahara haumo. Mwalimu haletwi na uandikishaji, analetwa na kibali cha ajira, na mwaka huohuo wa 2016 ajira serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Darasa la kwanza likafurika, huku milango ya kuongeza "waliopo" ikiwa imefungwa.

Hapo ndipo penye uzito, kwa maoni yangu. Kilichowabana walimu hakikuwa sera ya elimu peke yake, na asomaye bajeti ya elimu tu hatakiona. Wala asiridhike na wastani wa wilaya. Ukijumlisha shule ya kando ya lami na ile ya kijijini ambako mwalimu hana hata nyumba, pengo linafutika kwenye karatasi, na kule kijijini mwalimu mmoja anabaki mbele ya watoto 120, wengine wamekaa sakafuni. Aombe ikama ya shule moja moja, ya miaka ya kabla na ya baada ya elimu bila ada kuanza.